Maandazi, Moto na Mtoto: Somo la Jikoni

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, ng'ombe na visima. Wiki hii twaingia jikoni. Na huyu anayekuongoza kuingia humo si bingwa wa mapishi, bali ni mtu aliyeharibu maandazi mara mbili katika siku moja, na katika kuharibu huko akamtia mtoto wake mwenyewe jeraha la moto. Nasimulia bila kujificha, kwa kuwa makosa niliyoyafanya si ya ajabu. Hufanywa na watu wenye akili timamu, tena wenye elimu yao.

Ilikuwa Jumamosi, wakati wa likizo ya shule. Mama watoto alikuwa ameondoka alfajiri kwenda matangani, akaniachia nyumba pamoja na binti yetu wa miaka mitano. Tulipokwisha kunywa chai, nayo ilikuwa chai tupu bila kitafunio, mtoto akasema, "Baba, tupike maandazi." Nikamjibu kwamba tutakwenda kununua. Akaniambia kuwa ya kununua si yetu. Neno hilo likanishinda. Nikatwaa unga, nikakunja mikono ya shati, na moyoni nikajiambia kwamba mtu aliyefaulu mitihani ya sekondari hawezi kushindwa na kitu kinachopikwa na kila mwanamke mtaani. Wanawake watakaosoma maneno haya watanisamehe.

Vipimo navijua, maana nimeviona mara nyingi: unga wa ngano vikombe 4, sukari nusu kikombe, hamira vijiko vidogo 2, chumvi kidogo kwa ncha za vidole, iliki iliyotwangwa, na maji au tui la kukandia. Kazi ya kuhesabu vikombe nikampa mtoto. Alihesabu kwa sauti, akakosea baada ya cha tatu, akaurudisha unga wote mfukoni na kuanza tena. Kisha akatwanga iliki katika kinu kidogo mpaka nyumba nzima ikanukia. Kazi za namna hii zamfaa mtoto sana. Hujifunza hesabu pasipo kujua kwamba anafunzwa hesabu, mikono yake hupata ustadi, na hupata pia heshima ya kuwa mtu anayetegemewa. Mpaka hapo hapakuwa na kosa lolote.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Birika lilikuwa likichemka. Nikatia hamira katika bakuli na kuimwagia maji yale yale yaliyotoka motoni. Mtoto akanitazama kwa mshangao. "Baba, mama hutia kidole kwanza." Nikacheka, nikamweleza kwamba maji ya moto huyeyusha vitu upesi kuliko maji ya baridi, jambo ambalo ni kweli kabisa, lakini halikuwa na maana yoyote hapo. Tukakanda, tukafunika donge kwa kitambaa, tukaliweka mahali penye joto.

Tulingoja saa mbili. Kila baada ya dakika chache mtoto alikwenda kufunua kitambaa, akarudi na habari moja tu: "Bado umelala." Mwishowe nami nikaenda, nikabonyeza kwa kidole. Donge lilikuwa gumu kama udongo wa mfinyanzi, wala halikuwa limeumuka hata kidogo.

Sababu yake ni hii. Hamira si dawa wala si unga, ni viumbe hai. Ni jamii ya ukungu, wadogo mno hata jicho halioni mmoja mmoja pasipo darubini, na katika kijiko kimoja wamo maelfu ya mamilioni. Ile hamira kavu ya pakiti ni viumbe hao waliokaushwa, wakalala. Wakipata maji ya vuguvugu huamka, huanza kula sukari, na katika kula kwao hutoa hewa. Hewa hiyo hunaswa ndani ya donge kwa sababu unga wa ngano ukikandwa hufanya utando unaonyumbuka kama mpira. Ndipo donge hufura. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyethibitisha, katika miaka ya 1850 na iliyofuata, kwamba kuumuka ni kazi ya viumbe walio hai. Wapishi walikuwa wakiwatumia kwa maelfu ya miaka kabla yake bila kujua kuwa wapo.

Basi kiumbe hai huuawa kwa joto. Hamira hupenda maji yanayokaribia joto la mwili wa binadamu, ambalo ni nyuzi 37 za sentigredi, au yaliyozidi kidogo. Yakifika nyuzi 60 hufa. Mimi naliwamwagia maji yaliyokaribia nyuzi 100. Saa mbili tulizongoja, tulikuwa tumekaa matanga ya wafu. Na kile kidole ambacho mama mtu hukitia katika maji si desturi tupu ya kurithi: ni kipimo. Maji ambayo kidole huyastahimili kwa raha, hamira nayo huyastahimili. Binti yangu hakujua habari za Pasteur, lakini alijua kutazama. Laiti ningalimwuliza mama hutia kidole kwa nini, badala ya kumfundisha nisilolijua.

Nikaanza upya kwa maji ya vuguvugu, na safari hii donge likainuka vizuri. Lakini saa tisa ilikuwa imekwisha pita, mtoto ana njaa, nami nina haraka ya mtu aliyeaibika. Haraka hiyo ndiyo iliyozaa kosa la pili, na hilo si la kuchekesha.

Ili kuokoa wakati, naliinjika karai la mafuta juu ya jiko la makaa kabla sijaanza kusukuma donge. Jiko lilikuwa sakafuni, karibu na mlango wa nyuma, makaa yamewaka sawasawa. Mtoto alikuwa amekaa mkekani akikata pembetatu kwa kisu butu cha kupakia siagi. Mara pakapigwa hodi mlango wa mbele. Alikuwa mtu aliyekuja kuuliza habari za msiba. Nikamwambia mtoto, "Nakuja sasa hivi," nikaenda. Msomaji ajua jinsi mazungumzo ya msiba yasivyoweza kukatwa. Mtoto akaja, akanivuta suruali. "Baba, mafuta yanatoa moshi." Nikamwambia nimesikia. Nikaendelea kuzungumza. Aliporudi mara ya pili hakunivuta, alisimama mbali na kupiga kelele, "Moto!"

Karai lote lilikuwa likiwaka, na miali yake imefika kimo cha kifua changu. Nikanyakua jagi la maji. Wakati huo huo akaingia kwa mlango wa nyuma jirani yetu, bibi mmoja mtu wa Pwani ambaye amepika vitumbua vya kuuza maisha yake yote, naye akapaza sauti, "Acha maji, mwanangu! Acha!" Nikaliacha jagi. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu hutaka mikono yake ifanye neno lolote, basi nikashika karai kwa kitambaa nilitoe nje. Masikio yake yalikuwa ya moto kupita kiasi. Mkono ukashtuka, mafuta yakamwagika sakafuni, na tone kubwa likaruka nyuma yangu na kumpata mtoto mkononi, chini ya kiwiko. Alikuwa amesimama pale kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia atoke.

Bibi alichukua sinia la bati lililokuwa limewekwa unga, akaumwaga unga, akalishika sinia mbele yake kama ngao na kulisukumia juu ya karai taratibu kutoka upande wake kwenda mbele. Moto ukafa.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana watu wengi hawajui kwa nini bibi yule alikataza maji. Maji ni mazito kuliko mafuta. Ukiyamwaga katika karai hayakai juu, huzama. Mafuta yanayowaka yana joto linalozidi nyuzi 300, na maji huchemka kwa nyuzi 100 tu. Kwa hiyo yakigusa mafuta hayo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi iliyo kubwa kuliko ya maji yenyewe kama mara 1,700. Mvuke huo, kwa kuwa uko chini, huyarusha mafuta juu yakiwa yamegawanyika matone madogo madogo, na kila tone ni moto. Jagi langu moja lingaliweza kuujaza moto ule mpaka darini, nami na mtoto tukiwa katikati yake.

Karai likishika moto, usilisogeze. Lifunike kwa kifuniko cha chuma, sinia au sufuria pana, ukikisukuma kutoka upande wako ili miali isikurudie usoni. Moto huishi kwa hewa, ukinyimwa hewa hufa. Kama ni jiko la gesi, funga gesi ikiwa waweza kuifikia pasipo kupitisha mkono juu ya moto. Kama ni la mafuta ya taa, shusha utambi. Jiko la makaa halizimiki kwa kitufe, kwa hiyo acha kifuniko mahali pake, na usikifunue kutazama mpaka kila kitu kimepoa, maana mafuta yaliyo na joto bado yakipata hewa huwaka tena. Na ukiwa huna kifuniko, au moto umekwisha kushika pazia au dari, mtoe mtoto, toka, ita watu. Nyumba hujengwa tena.

Afadhali zaidi ni kutofika huko. Mafuta ya kukaangia maandazi yatosha yakiwa na nyuzi 170 hadi 180. Huhitaji kipimajoto: tupa kipande kidogo cha donge. Kikizama na kubaki chini, mafuta ni baridi. Kikipanda taratibu huku kikizungukwa na povu, yako tayari. Kikigeuka cheusi mara moja, epua. Mafuta yakianza kutoa moshi, hiyo ndiyo hodi yao ya kwanza na ya mwisho. Mtoto wangu aliniletea hodi hiyo, nami nalikuwa nikiitikia hodi nyingine.

Sasa turudi kwa mtoto mwenyewe, anayelia. Kwa muda mfupi sana jiko letu lilijaa majirani, na kila mmoja ana dawa yake. Mmoja ameshika samli, wa pili yai, wa tatu dawa ya meno, na mwingine akasema tumpake unga. Wote walikuja kwa upendo, wala siwalaumu. Lakini dawa zote hizo zina madhara. Jeraha la moto huendelea kuunguza ndani ya nyama hata baada ya moto kuondoka, kwa sababu joto limo bado. Samli na dawa ya meno haviondoi joto hilo, tena huingiza uchafu, na mganga atalazimika kuvibandua pamoja na ngozi. Yai bichi laweza kuwa na vijidudu vya maradhi. Barafu nayo haifai, maana hubana mishipa ya damu na kuijeruhi ngozi iliyokwisha jeruhiwa.

Kinachofaa ni maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20. Dakika hizo ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Mtoto akilia sana wazazi huacha baada ya mbili. Nalimshika mkono chini ya bomba huku bibi akinihesabia kwa saa ya ukutani. Pasipo na bomba, chukua debe la lita 20 na kikombe cha nusu lita, umimine kikombe kimoja taratibu kila nusu dakika: debe litakwisha wakati dakika 20 zimetimia. Hata kama ulichelewa, maji hayo yafaa bado ndani ya saa tatu tangu kuungua. Wakati huo huo mvue mtoto nguo iliyolowa mafuta, na bangili au ushanga ulio karibu na jeraha, kabla mkono haujavimba. Lakini nguo iliyoshikamana na ngozi iache. Mfunike mwili uliobaki kwa shuka asipatwe na baridi, hasa akiwa mchanga. Halafu funika jeraha kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, au karatasi safi ya plastiki, bila kulikaza. Malengelenge yasipasuliwe. Ngozi ile iliyoinuka ndiyo bandeji bora kuliko zote, nayo ni ya bure.

Na ni lini kumpeleka hospitali? Mtoto mchanga, apelekwe kwa jeraha lolote. Mtoto mkubwa kidogo apelekwe ikiwa jeraha lazidi kiganja chake mwenyewe, au li usoni, mkononi, mguuni, sehemu za siri, au penye kiungo. Na tena ikiwa pameungua pakawa peupe au peusi na mtoto hasikii maumivu pale, usishangilie kwamba haumwi: maana yake moto umefika ndani na kuua hata mishipa ya kuhisi. Wetu tulimpeleka kwa kuwa jeraha lilikaribia kiwiko. Mwuguzi alitazama mkono, akauliza tumepaka nini. Nikasema, maji tu. Akaniuliza kwa muda gani, nikamjibu, naye akaitika kwa kichwa na kuandika. Akatazama pia kadi ya chanjo ya mtoto kuona kama amekwisha chanjwa pepopunda, maana ugonjwa huo waweza kuingia kwa jeraha la moto kama kwa jeraha la msumari. Mzazi asiyejua kadi iko wapi, na aitafute leo.

Mama watoto alirudi usiku. Hakupiga kelele. Aliutazama mkono uliofungwa, akatazama sakafu iliyosuguliwa, akaniuliza swali moja tu: "Ulikuwa wapi?" Nikasema, mlangoni. Swali hilo limekaa nami kuliko maneno yote ya mwuguzi.

Mtoto alipolala nalifanya jambo ambalo namshauri kila mzazi alifanye usiku wa leo. Nalipiga magoti jikoni, macho yangu yakawa sawa na macho ya mtoto wa miaka mitano, nikatazama. Sikuitambua nyumba yangu. Mpini wa sufuria ulikuwa umeelekea kwangu kama mkono unaotaka kushikwa. Ncha ya kisu ilichungulia ukingoni mwa meza. Kitambaa cha meza kilining'inia karibu na shavu langu, na juu yake ndipo birika huwekwa. Chini ya meza palikuwa na chupa ya soda, ndani yake mafuta ya taa, meupe kama maji. Ile chupa ilinitisha kuliko moto wa mchana. Mtoto ajua kwamba kilichomo ndani ya chupa ya soda hunywewa, naye akinywa mafuta ya taa huweza kumwingia mapafuni na kumwua. Tena ikitokea, usimtapishe, wala usimpe maziwa ili atapike, maana katika kutapika mafuta huingia mapafuni upya, mkimbize hospitali. Usiku ule ule nikayahamishia katika mtungi wenye kizibo na alama, nikauweka juu.

Wapo walioniambia, baada ya hayo, kwamba jiko si mahali pa mtoto. Wengine wakanipa methali ile isemayo mtoto akililia wembe mpe. Sikubaliani na wote wawili. Methali hiyo nimeisikia ikitajwa na wazee wengi, na sijaona hata mmoja aliyeitaja wakati akimfunga mjukuu wake kidole. Lakini na mtoto anayefukuzwa jikoni hajifunzi kuogopa linalostahili kuogopwa. Atakuja kuligundua peke yake siku ambayo hakuna mtu. Katika nyumba nyingi za kwetu moto u sakafuni, sawa na kifua chake, na atazungukazunguka hapo utake usitake. Kwa hiyo nionavyo mimi, kazi za unga, maji, kuhesabu, kutwanga na kukata ni zake. Kazi ya moto na mafuta ni ya mtu mzima, naye asiondoke pale mafuta yakiwapo motoni, hata kama anayebisha hodi ni chifu. Na kati ya kazi hizo mbili pawe na mpaka unaoonekana kwa macho.

Kwetu mpaka ni mkeka. Tuliutandika hatua tatu kutoka jikoni, tukakubaliana kwamba mafuta yakiwa motoni mtoto hatoki mkekani, na baba hatoki jikoni. Akivunja mmoja wetu, karai huepuliwa. Sharti la pili alilitunga mwenyewe: akisema kitu kinatoa moshi, baba hajibu "nimesikia," bali huja.

Majuma matatu yalipopita bandeji ilikuwa imekwisha kuondolewa. Limebaki kovu dogo, kama harage, lenye rangi ya waridi. Jumamosi ilipofika akaleta mfuko wa unga pasipo kuulizwa. Alihesabu vikombe 4 bila kukosea. Nalipomimina maji bakulini akanizuia mkono, akasubiri nitie kidole changu kwanza, kisha akatia chake. Akafikiri.

"Bado," akasema. "Ngoja kidogo."

Tukangoja.